Noti ya Harlow Creek

Yaliyompata rafiki yangu Orville Haskett, mkusanyaji wa noti za kale kule Nebraska, nayasimulia kama alivyonipa. Miaka thelathini yeye na sahibu yake Delbert waliisaka noti iliyotolewa zamani na benki ya mji wao mdogo wa Harlow Creek, wakiapiana kwamba atakayeipata atamwonyesha mwenzake kwanza.

Delbert alipofariki, mjane wake Leota alimwita Orville azitambue noti zilizohifadhiwa katika chumba cha chini ya nyumba.

"Shuka taratibu, shemeji! Goti lako hilo lisiniletee msiba wa pili."

Katika bahasha Orville akaiona: Harlow Creek, 1882. Sahihi ya mkuu wa benki, iliyotiwa kwa mkono, ilikuwa imefifia pakabaki peupe. Juu ya bahasha Delbert alikuwa ameandika: "Nimeipata 1994. Orville asijue."

"Leota, ulijua?"

"Alinilisha yamini," akajibu kutoka ngazini. "Ichukue, shemeji. Ni yako sasa."

Orville alipoinyanyua, taa ikazimika. Gizani akasikia kalamu ya chuma ikikwaruza karatasi kando ya kidole chake, polepole, bila pupa. Taa iliporudi, pale palipokuwa peupe palikuwa na jina la Delbert, kwa mwandiko wake mwenyewe, na wino haujakauka.