Aliyeita Chini ya Mbao

Jua lilikuwa linaelekea kuzama fundi alipobisha hodi kwa mama mshonaji. Mtaani walimwita Sikio, kwa sababu alikuwa akisikia skrubu moja iliyolegea ndani ya spika huku wenzake wakicheza muziki wala hawana habari. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kufunga sabufa mpya, besi itoke safi, aende zake akale.

Chumba kilikuwa na sakafu ya mbao, cherehani dirishani na marundo ya vitambaa. Mama mwenyewe hakuonekana mtu wa muziki. Alikuwa amekonda, na tangu amzike binti yake wa pekee hata redio hakuifungulia. Sikio alizisikia habari za msiba, ila mtoto hakuwahi kumwona. Alitoa pole, akafungua boksi.

"Msikilizaji atakaa wapi, mama?"

Mama akaonyesha mkeka mdogo kando ya ukuta. "Hapo. Chini."

Sikio alidhani anataniwa, lakini mteja ni mteja. Alikuwa na mbinu yake. Sabufa unaiweka kwanza pale atakapokaa msikilizaji, unawasha, kisha wewe ndiye unatambaa chumba kizima, sikio karibu na sakafu. Penye besi inayovuma ovyo unapita. Ukifika inapotoka safi, hapo ndipo pa kuiweka. Wateja hucheka mpaka machozi wakimwona mtu mzima na kitambi chake anaburuza magoti. Mama huyu hakucheka. Alipoona sabufa iko juu ya mkeka alijishika kifua, akaegemea mlango.

Kwenye kona besi ilivimba, ikakoroma kama mtu mwenye mafua. Katikati ya chumba ikapotea. Karibu na cherehani ikatulia, nzito na safi.

Lakini chini yake kulikuwa na kitu.

Pu-pu... pu.

Sikio akakunja uso. Akashika kioo cha dirisha. Akaibana droo ya cherehani. Akaliondoa kopo la vifungo. Kitu kiliendelea kugonga. Akaizima sabufa kabisa.

Pu-pu... pu.

Ilikuwa ndani ya mbao, chini ya viganja vyake. Haikuwa sauti hasa; aliihisi mifupani. Na kwenye nyufa za sakafu ikapanda harufu ya mafuta ya kujipaka, kama ya mtoto aliyetoka kuoga sasa hivi. Kwa mazoea tu ya kutafuta kilicholegea, fundi akapiga sakafu kwa kiganja. Mara mbili, kisha mara moja.

Kimya...

Kisha sakafu ikajibu. Mbio mbio, kwa furaha, palepale chini ya mikono yake.

Sikio aliruka akasimama, jasho linamtoka. Mama, uso umempauka, akamweleza kwa kunong'ona. Binti yake alizaliwa kiziwi. Akimtaka mtu alikanyaga sakafu hivyo hivyo, na mama akiwa kwenye cherehani alimjibu kwa mguu bila kuinua macho. Muziki aliusikiliza kwa tumbo, amelala kifudifudi kwenye ule mkeka kila majirani walipofungulia redio. Mama akamwahidi sabufa. Leo kazi, kesho kazi, mpaka homa ikamchukua. Baada ya mazishi mwito ukaanza tena, hafifu, pale tu cherehani ilipotikisa sakafu. Ndiyo maana akainunua sabufa sasa, ili amhisi vizuri.

"Na akiita, unamjibu?"

"Naogopa, mwanangu. Wanasema aliyekufa ukimjibu anakufuata." Akavitazama viganja vya fundi. "Wewe umemjibu?"

Sikio akavifuta viganja kwenye suruali. Mama akajilaza mkekani kando ya sabufa, shavu kwenye mbao, akamwomba awashe. Fundi akaihamishia sabufa karibu na cherehani, akawasha. Besi ikaja safi, haina mkwaruzo, haina kitu kingine chochote. Mama akakanyaga. Akapiga kwa ngumi. Sikio akageuza swichi iliyo nyuma ya sabufa, akapandisha sauti, akashusha, akairudisha sabufa ilipokuwa mwanzo. Mama hakuhisi kitu.

Fundi alihisi. Kila aliposimama, mwito ulikuwa chini ya nyayo zake.

"Yuko hapa, mama," akasema. "Chini ya miguu yangu."

Mama akaja kwa magoti, akaweka viganja kando ya viatu vyake, akangoja. Wapi. Akaanza kulia bila sauti, na Sikio akatamani angekuwa amekatwa mikono kabla ya kuigusa ile sakafu.

"Mwambie sabufa imekuja," mama akanong'ona. "Mwambie sikusahau."

Mtu anamwambiaje kiziwi aliyekwisha kufa? Sikio alikanyaga tu, mara mbili, kisha mara moja. Jibu likaja upesi.

"Amefurahi?"

"Amefurahi."

"Basi niachie binti yangu. Ondoka polepole, umwache hapa."

Sikio akavua viatu, akatembea kwa ncha za vidole hadi mlangoni, pumzi ameibana. Akavuka kizingiti. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia, na udongo bado ulikuwa na joto la mchana. Akasimama akiomba kwa moyo wake wote mwito usije.

Pu-pu... pu.

Chini ya kisigino chake, kwenye udongo mtupu.

"Amebaki?" mama akauliza nyuma yake, kwa sauti iliyojaa matumaini.

Sikio hakugeuka. "Amebaki, mama."

Mlango ukafungwa taratibu. Besi ikaanza kupiga mle ndani, na katikati yake akamsikia mama akimsemesha mtoto wake, akicheka kidogo, akimwambia alale vizuri mkekani. Fundi akashika njia ya kwake, viatu mkononi. Alitaka kukimbia, lakini alijikuta akitembea polepole, kwa sababu hatua za aliyemfuata zilikuwa fupi.