Mishono Iliyolalia Kushoto

Kaunta ya duka la vifungo ilifurika watu mchana ule. Mshonaji, ndani ya gauni la njano na viatu vya kuazima, alikuwa akiita muuzaji bila kusikika. Nyuma yake akasimama kijana mrefu, futi ya kupimia shingoni.

"Dada, kwa sauti hiyo utalala hapa."

"Na wewe kwa urefu huo si ukauze mawingu?"

Kumbe alikuwa mkataji wa karakana ileile ya ushonaji ambako mshonaji alikuwa akienda kuanza majaribio ya miezi mitatu. Wakapendana upesi. Makoti ya mshonaji yakasifiwa, hadi siku aliporudi mapema kutoka kula akamkuta mpenzi wake amefumua bega la koti lake, anashona upya.

"Nakusaidia tu, mpenzi."

"Kumbe sifa zote zile ni zako!"

Tangu hapo mikono ikamwisha nguvu. Alivunja sindano, akafumua hata palipo sawa. Simu za mkataji hakupokea. Na Ijumaa, siku ya mwisho ya majaribio, angeshona koti peke yake mbele ya mama mwenye karakana. Akiliharibu, kazi hana.

Ijumaa asubuhi, alipofika mlangoni pa karakana, simu ikaita. Akapokea.

"Usikate simu, mpenzi. Niligusa bega moja tu."

"Unanibembeleza."

"Mimi natumia mkono wa kushoto. Mishono yangu inalalia kushoto. Pindua makoti uone."

"Na hilo moja ulilifumua kwa nini?"

"Niliogopa utafukuzwa."

Akaenda kwenye makoti yake yaliyotundikwa, akapindua bitana moja baada ya nyingine. Makoti kumi na moja, mishono yote imelalia kulia. Yake. Akaketi, akatunga uzi sindanoni.

"Mungu wangu," akanong'ona, "usinishonee. Nitulize tu."

Akashona. Mama akalipindua koti, akavuta bega, akavuta tena.

"Nani kakusaidia?" akatania.

"Hapa? Hakuna mtu, mama."

"Jumatatu uje. Kazi ni yako."

Nje mkataji alisubiri, kitambaa cheusi kwapani.

"Nishonee koti la harusi yetu. Sindano sigusi."

"Nikiliharibu?"

"Nitalivaa hivyohivyo."

Akakipokea kitambaa. Vidole vilikwishaanza kukipima.