Vidonge Ndani ya Kochi

Brashi alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu brashi haikukauka mkononi mwake.

Dada yake alikuwa fundi wa makochi. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana. Ukiingia, ulikuta cherehani, mikasi, vitambaa na sponji kila kona. Brashi alilala humohumo, kwenye kochi refu la karibu na dirisha.

Dada alimchukua alipoanza kuugua. Brashi alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Alibishana nazo. Hospitali walisema ana ugonjwa wa akili, na unatibika. Walipompima damu, walikuta pia ana virusi vya UKIMWI. Akapewa dawa za akili, na dawa za kufubaza virusi.

Kila asubuhi dada alimpa vidonge kiganjani.

"Umemeza?"

"Nimemeza, dada."

Dada akarudi kwenye cherehani yake, roho imetulia.

Lakini Brashi alizidi kukonda. Akapata kikohozi na vidonda mdomoni. Dada hakuelewa. Si dawa anameza?

Siku moja aliamua kubadilisha kitambaa cha lile kochi refu. Alipopitisha mkono kwenye mto, alihisi kitu kama changarawe. Akafungua zipu. Vidonge vikamwagika sakafuni. Vyeupe, vya njano, vya kila aina.

 Akakaa chini, mkasi bado mkononi.

"Brashi! Hivi ni nini?"

Brashi alisimama mlangoni. "Ni sumu, dada. Wanasema ni sumu."

"Wanasema akina nani?"

"Hao wanaoongea."

"Unataka kufa? Unataka kuniua na mimi kwa presha?" Dada alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Brashi akaziba masikio, akakaa kwenye kona.

Dada alifikiri sana. Kesho yake alisaga vidonge, akavikoroga kwenye chai ya Brashi bila kumwambia. Akaongeza sukari.

Brashi akanywa kidogo. Akakunja uso. Akainamisha kikombe, akaona unga mweupe chini. Akasukuma kikombe mbali.

"Kumbe zile sauti zilisema kweli," akanong'ona. "Hata wewe, dada."

Tangu hapo hakula chochote kutoka mkononi mwake. Hata maji aliyakataa.

Dada akakimbia hospitali, kanga begani, viatu havifanani. Akamkuta nesi wa kliniki ya afya ya akili. Akamweleza yote, hata presha yake inavyopanda.

"Umemwekea kwenye chai?" Nesi aliacha alichokuwa akifanya. "Pole, dada yangu. Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini vidonge vingine havitakiwi kusagwa. Na mtu anayeogopa sumu, ukimwekea kitu kwa siri, umeipa hofu yake ushahidi. Twende nyumbani."

Nesi hakuanza kwa kugomba. Alikaa sakafuni, mbali kidogo na Brashi.

"Kaka, dada yako amekosea. Hatarudia tena. Mimi nataka kusikia kwako. Dawa hizi zinakufanyaje?"

 Brashi akanyoosha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka.

"Nikimeza, natetemeka hivi. Hata nikiruka siku kadhaa, kutetemeka hakuishi. Siwezi kupaka mstari ulionyooka. Fundi gani huyo? Ndiyo maana siku nyingi navificha vyote."

 Muda wote dada alidhani kutetemeka ni ugonjwa wenyewe. Hakuwahi kumuuliza.

"Ahsante kwa kuniambia," nesi akasema. "Kutetemeka kunaweza kuletwa na dawa ya akili. Daktari anaweza kuibadilisha. Lakini ukiacha zote, virusi vinapata nguvu, na sauti nazo zinapata nguvu. Matibabu haya mawili yanategemeana. Akili ikitulia, unakumbuka dawa za virusi."

Nesi akamgeukia dada. "Na wewe, hiyo presha yako, unameza dawa?"

Dada akatazama pembeni. "Mara mojamoja."

Brashi akaguna. "Na mimi ndiye napigiwa kelele!"

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari aliziangalia dawa zote kwa pamoja, kwa sababu dawa nyingine hazipatani. Akambadilishia Brashi dawa ya akili, akampa ya sindano ya kila mwezi. Vidonge vikapungua. Wakampima damu kuona kama dawa za virusi bado zinamfaa. Nesi akapanga kliniki zote mbili ziwe siku moja.

Nyumbani, mambo yakabadilika. Brashi alitengeneza chai yake mwenyewe. Alitoa mwenyewe kwenye kopo kidonge chake cha kufubaza virusi. Dada naye alitoa cha presha. Wakameza wote wawili, wakitazamana. Siku Brashi aliposahau, alimeza mara alipokumbuka, bila kumeza viwili kwa mpigo siku iliyofuata. Siku alipokataa, dada hakugomba. Alimpigia simu nesi.

Sauti hazikuisha kabisa. "Ila sasa zinaongea kwa mbali," Brashi alisema, "kama redio ya jirani."

Mikono ikatulia. Mwili ukarudi. Mafundi wenzake wakamwita kazini, wakampa madirisha, kazi inayotaka mkono usioyumba.

Miezi ikapita, Brashi akapimwa damu tena. Wakaitwa kuchukua majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. Dada alikaa huku ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Virusi havionekani kwenye kipimo," nesi akasema.

Dada akashtuka. "Havionekani? Rudia, nesi."

"Havionekani. Kaka, hongera."

"Kwa hiyo vimekufa?" Brashi akauliza.

"Hapana. Vimelala tu. Ukiacha dawa, vinaamka."

Brashi akainama mbele, akaweka kidole kwenye midomo.

"Basi, dada, na wewe punguza sauti," akanong'ona. "Utaviamsha."

Dada akamtazama, hakuamini masikio yake. Tangu augue, Brashi hakuwahi kutania. Akacheka hadi machozi yakamtoka, mbele ya watu wote pale kliniki, na Brashi akawa anamwambia, "Shhh!"