Baridi ya Maman Sophie

Jumamosi asubuhi Stanislas alikuta prosesa ya kompyuta yake ina digrii kumi na moja, akacheka peke yake. Chumba kilikuwa na ishirini. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ile ile inayoipuliza, hilo fundi yeyote analijua, na Stanislas, assistant, yaani mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, alilijua kuliko wote. Hata usingemuuliza, angekuambia mwenyewe.

"Capteur ya bure kabisa," alikisema kipimajoto cha mashine, kwa dharau aliyokuwa nayo kwa kila kitu ambacho hakukitengeneza yeye.

Hesabu za tasnifu yake, juu ya joto la maji ya chini ziwani, zilikuwa zimefanya kazi siku kumi na tisa bila mashine kuzimwa, betri zikipokea kila umeme ulipokatika. Zilibaki saa sita. Jumatatu maprofesa wangemngoja alete matokeo. Akiyakosa, miaka saba ya kusoma inaenda na maji. Siku zote hizo prosesa ilikuwa inachemka kwenye themanini na tano. Alibadilisha pommade yake ya kupitisha joto, akafungua ubavu wa kasha, akaongeza feni ya tatu. Leo, kazi ikiwa ile ile, kumi na moja.

Akagusa radiateri, chuma cha kuipoza prosesa, kwa kidole. Ilikuwa baridi, tena imelowa umande. Halafu akasikia harufu ya dawa ya kuchua kifua na sweta lililoloa mvua.

Valérie, mkewe, alikuwa anapita na ufagio. Akasimama mlangoni.

"Papa," alinong'ona, "hii harufu ni ya maman."

"Mama yako alikufa, Valérie."

"Minajua. Na minajua alikufa na nini."

Maman Sophie aliletwa kutoka kijijini Mumosho kutibiwa kifua, akakaa kwao miezi miwili, na muda wote alitetemeka. Mahali pekee alipopata nafuu ni nyuma ya mashine, pale inapotoa hewa ya moto. Aliketi kwenye kigoda, mikono imenyooshwa, akifuma kitambaa cha krosheti. Alipokimaliza akaifunika nacho kompyuta vizuri, kama watu wanavyofunika televisheni zao, akiamini ametoa zawadi. Mashine ikakosa hewa, ikapanda hadi mia moja, ikazimika. Stanislas alimtukana mama mkwe wake mbele ya wageni. Akamhamishia chumba cha nyuma chenye ukuta wa unyevu, akapiga marufuku mbabula, jiko la makaa, nyumba nzima, kwa sababu majivu yanaingia kwenye feni. Kitambaa alikitumia kufutia pommade ya zamani. Mvua za Novemba zilimkuta bibi huyo humo, na hazikumwacha.

"Mizimu haina digrii," Stanislas alisema sasa. "Nenda ufagie."

Badala yake Valérie alimwita Cyprien wa kikundi cha maombi. Cyprien alikuja na chupa ya maji ya baraka, akaikemea kompyuta kwa sauti kubwa.

"Jini ya baridi, toka ku hii mashine! Toka!"

"Angalia usimwagie umeme, papa," Stanislas alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Itakuwa wewe ndiye utatoka."

Feni zikapunguza mwendo, zote tatu, mpaka zikasimama. Cyprien akapeleka mkono nyuma ya kasha, na papo hapo akaurudisha, uso umempauka.

"Kuna mutu," alisema kwa sauti ndogo. "Amenishika. Mikono yake iko na baridi sana." Akaondoka bila kofia yake.

Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Stanislas aliogopa kidogo, kisha akatazama kioo cha kompyuta: feni zimesimama, prosesa ina digrii nne, kazi inaendelea. Basi msomi wetu akapata wazo la kisomi. Akaiongezea prosesa kasi kupita kiasi, hadi kiwango ambacho siku nyingine kingeiunguza kwa dakika moja.

"Mara ya kwanza mama yako amefaa kitu," alimwambia mkewe.

Valérie akarudi kufagia.

Saa tisa mchana hesabu zilifika mwisho. Prosesa, ikiwa haina kazi tena, haikuwa na joto la kumpa mtu. Nambari, iliyokuwa imeshuka hadi sifuri, ikaanza kupanda: tano, kumi na mbili, ishirini. Joto la chumba, la mashine yoyote iliyopumzika. Kioo kikauliza kama ahifadhi matokeo.

"Ameenda!" Stanislas alipiga kelele, akanyoosha mkono abonyeze ndiyo.

Barafu nyembamba iliyokuwa imeganda kwenye radiateri ikayeyuka, maji yakadondoka ndani, cheche moja ikalia, na kioo kikawa cheusi kabla kidole chake hakijafika, na alipokuwa bado amenyoosha mkono hewani, hajaamini kwamba siku kumi na tisa zimekwenda, vidole viwili, halafu vitano, halafu kumi, vyembamba na vyenye baridi ya ukuta wa chumba cha nyuma, vikaufunika mkono huo taratibu, vikaubana kama mtu anavyobana kikombe cha chai asubuhi ya mvua, na harufu ya sweta lililoloa ikamkaribia hadi begani, ikaegemea.

"Valérie!" Meno yalikuwa yanagongana. "Washa mbabula! Ilete hapa, haraka!"

Valérie alikuja hadi mlangoni. "Papa, si ulisema majivu inaharibu mashine?"

"Valérie, minakuomba..."

Lakini yeye hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama pembeni yake, chini kidogo, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kigoda.

"Ota joto, maman," alisema. "Ota pole pole."

Akafunga mlango.