Dadu ya Bi Loretta

"Simama!"

Hakusimama.

Thea Yurkanin aliruka ngazi nne kwa mpigo na kutokea juu ya paa la maegesho, nyuma ya mahakama ya Kaunti ya Lorimer, Pennsylvania. Saa nne kasorobo asubuhi. Baridi ya Novemba ilimchoma mashavu. Mbele yake, mtu aliyevaa sare ya fundi wa mitungi ya kuzimia moto alikuwa akipenya kati ya magari, kwa mwendo wa mtu anayewahi basi ambalo hajali sana likimwacha.

Bastola yake, Glock 19, ikatoka.

"Hatua moja tena nakutoboa mguu!"

Mtu yule akasimama. Akainua mikono, akageuka, akatabasamu.

Miezi sita Thea, afisa wa siri wa serikali, alikuwa akimfuatilia kwa jina la Pruitt. Jina lake la kweli lilijulikana na serikali moja tu ng'ambo ya bahari, ile iliyokuwa ikimlipa. Thea alimtia pingu, akampekua. Simu mbili. Funguo. Na dadu moja ya njano, yenye pande kumi na tone la rangi nyekundu ya kucha.

Akabonyeza kitufe cha redio.

"Kisima, hapa Nyundo. Ninayo dadu ya Bi Loretta mkononi."

Sauti ya mkuu wake ilijibu kwenye kisikilizio cha sikioni.

"Nyundo, rudia. Kama unayo wewe, iliyoko ukumbini ni ipi?"

"Hilo ndilo ninalouliza, mkuu."

Dadu ile ilinunuliwa dola mbili kwenye duka la michezo ya watoto. Kila baada ya uchaguzi, Bi Loretta Hench, msimamizi wa uchaguzi wa kaunti kwa miaka thelathini na mmoja, aliitoa kwenye kopo lake la biskuti, na wananchi wakairusha mara ishirini mbele ya kamera. Tarakimu ishirini zile ndizo zilizoamua ni kura zipi zitolewe masandukuni na kuhesabiwa upya kwa mkono. Hakuna aliyeweza kujua mapema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudanganya. Bi Loretta aliipenda shughuli hiyo kuliko Krismasi.

Safari hii mshindi alikuwa amepita kwa kura mia mbili na kumi na nne. Nusu ya kaunti ilikuwa imekwisha kuapa kwamba zimeibwa. Bi Loretta alikuwa ameletewa barua tatu za vitisho, moja ikitaja rangi ya mlango wake.

"Ile nyingine imepachikwa uzito ndani," Pruitt alisema bila kuulizwa. "Safu ya tatu yuko bwana mmoja mwenye chupa ya maji ya chumvi. Dadu ya hila ukiiacha ielee humo, upande ule ule hurudi juu kila mara. Watoto wa shule wanajua. Leo nchi nzima itajua."

"Kisima, tusimamishe shughuli?"

"Tukisimamisha tutasema kwa nini? Kwamba dadu ni ya hila? Si ndilo wanalolitaka? Ibadilishe, Nyundo. Kimyakimya. Wewe hukuwahi kuwa hapo."

Zilibaki dakika kumi na mbili dadu irushwe.

Thea alimkabidhi Pruitt kwa wenzake waliokuwa ndani ya gari la Ford Transit, akavua koti, akaingia ukumbini kama mwananchi yeyote.

Watu themanini. Kamera nne. Ya tano ilikuwa pembeni, kwenye miguu mitatu, na kijana aliyeisimamia alikuwa ameielekeza mezani, kwenye mikono ya watu badala ya nyuso zao. Thea aliiona. Hakupata nafasi ya kujiuliza.

"Haya, jamani!" Bi Loretta alisema, miwani ikining'inia kifuani. "Kabla hatujarusha, njooni muikague. Ishikeni, ing'ateni mkitaka. Kaunti hii haina siri."

"Kama haina siri, mbona mgombea wetu Bob kashindwa?" mmoja aliropoka.

"Bob kashindwa kwa sababu hata mkewe hakumpigia, Wendell. Panga foleni!"

Ukumbi ukacheka. Foleni ikapangwa, Thea wa tatu. Nyuma yake, mtu mwenye chupa.

Mkono wa Thea uliingia katika bakuli lenye dadu pale mezani na kutoka. Dadu moja ikazama katika mkono wa sweta, nyingine ikaanguka kwenye udongo uliochomwa wa bakuli kwa mlio mdogo. Sekunde mbili.

"Asante, binti," Bi Loretta alisema. "Kuna keki ya molasi pale nyuma. Nimeoka mwenyewe, usinikosee adabu."

Mtu wa chupa akafuata. Alitangaza kwa sauti ya mahubiri kwamba leo ukweli utaelea. Akaitumbukiza dadu.

Nne.

Akaitikisa chupa. Tisa. Akaitikisa tena. Moja. Sita. Sifuri.

"Endelea, mchungaji," Wendell alisema. "Labda ya saba itabatizwa."

Uso wa yule bwana uliiva. Bi Loretta alishika kiuno akicheka mpaka machozi, na Thea, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alijisikia fahari kwa kazi yake. Mwaka 2021, siku ile ya Januari umati ulipolivamia Bunge la nchi kupinga matokeo ya uchaguzi, alikuwa ndani akiuzuia mlango kwa bega lake. Bega lilipona. Miezi michache tu baadaye majirani zake walikuwa wakimwambia usoni kwamba siku ile hapakuwa na fujo yoyote. Leo angalau kitu kimoja kimeokolewa, alijiambia.

Alirudi kwenye Transit na kipande cha keki.

"Umeshabadilisha?" Pruitt aliuliza.

"Mchezo umekwisha."

"Vizuri. Hivi, dada, wewe uliona mimi ninakimbia? Na dadu ile, kwa nini nitembee nayo mfukoni badala ya kuitupa chooni?"

Thea akaiweka keki chini.

"Tumewasoma tu," Pruitt aliendelea kwa upole, kama mwalimu. "Mwaka elfu mbili, kule Florida, mlikodolea matundu ya kadi za kura mpaka macho yakawauma, na wapo ambao hawajakubali mpaka leo. Elfu mbili na ishirini mlihesabu, mkarudia kwa mkono. Nani alibadili mawazo? Sasa sisi tuibe kura za nini? Tulihitaji mkono mmoja tu unaoingia bakulini mbele ya kamera yetu. Umetupatia."

"Nyundo." Sauti ya Kisima ilikuwa imechoka. "Video ya mkono wako ipo mtandaoni. Sekunde tisa, imepunguzwa mwendo. Watu laki sita wameshaitazama."

"Basi tuseme ukweli, mkuu!"

"Ukweli upi? Kwamba serikali ilibadilisha dadu?"

Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo linakuja. Hapa halikuwepo, na aliyelileta ni Thea mwenyewe.

Aliporudi ukumbini, dadu ilikuwa imekwisha kurushwa na viti vilikuwa vitupu. Bi Loretta alikuwa peke yake mezani, simu imewekwa sauti ya nje.

"Loretta, mimi ni dada yako," sauti ya kizee ilikuwa ikisema. "Niambie mimi tu. Sitamwambia mtu. Mliiba?"

"Fern! Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mitano!"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Bi Loretta akaikata simu. Akamwona Thea. Akamtazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu mpaka mkononi.

"Binti," alisema. Aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Uliweka nini bakulini? Niambie mimi tu. Sitamwambia mtu."

Thea alifungua kinywa. Kisikilizio kikakoroma: "Nyundo, ondoka. Sasa hivi."

"Hakuna kilichotokea, Bi Loretta," alisema. "Dadu ni ile ile yako."

Ilikuwa kweli tupu. Bi Loretta alitikisa kichwa polepole, akaichukua dadu yake ya miaka yote, akageuza tone la rangi ya kucha kwenye mwanga na kulichunguza kama hajawahi kuliona.

Hesabu ya mkono ililingana jioni ile, kura kwa kura. Hakuna kituo cha habari kilichoitangaza.

Thea alivaa miwani ya jua, akashuka ngazi za mahakama bila haraka. Waandamanaji walikuwa wameanza kufika. Mmoja alimpa bango alishike, na yeye akalipokea, akapita nalo katikati yao mpaka kwenye gari.

"Kisima, hapa Nyundo. Kazi imekamilika."

"Pongezi, Nyundo."