Chakula cha Mchana Kaburini

Njiwa wa jirani ndio waliokuwa wa kwanza kuikwepa nyumba ile. Kila asubuhi jirani aliwarusha juu ya mapaa ya mtaa wa Tajganj, nao wakazunguka kundi zima kama shuka inayokung'utwa. Siku hiyo, walipolikaribia paa la Nigar, kundi likapasuka katikati, wengine kulia, wengine kushoto, likaungana tena upande wa pili. Hakupita hata mmoja juu ya nyumba.

Nigar, aliyekuwa akianika nguo, akasonya. Hata njiwa wamemchoka mume wangu, alijisemea.

Kazi ya mumewe, Tauqir, ilikuwa kuwapangia watu wa mbali matembezi ya Agra: walale wapi, waingie Taj Mahal lini, nani awaongoze ngomeni na kwenye mji mkongwe wa Sikri. Mwenyewe alijiita mtaalamu. Nigar alimjua kuwa ni mpiga domo tu. Wiki ile kichwa kilikuwa kimemvimba zaidi, maana tajiri mmoja wa Kolkata, Bwana Khemka, alikuwa anakuja na ukoo wake mzima, naye aliagiza aonyeshwe kitu ambacho wenzake hawajakiona.

"Taj kila mtu ameiona," Tauqir alisema huku akitafuna petha, zile tamutamu za boga, sukari ikimdondokea kitambini. "Mimi nitawalisha chakula cha mchana ndani ya kaburi."

"Kaburi la nani?"

"Nani anajua? Lile kuba dogo ng'ambo ya mto Yamuna, kwenye mashamba ya bamia. Jana nilikwenda kulisafisha. Majinga ya kike yamelijaza nyuzi za nadhiri na vitaa vya mafuta. Nimevitupa vyote mtoni. Kisha nikakaa juu ya kaburi lenyewe nikala biriani, nijaribu. Pana ubaridi, raha tupu."

"Umekula umemkalia maiti?"

"Maiti atafanya nini? Aninyang'anye nyama?"

"Huna haya, Baba Arshi."

"Na wewe huna akili ya biashara."

Adhuhuri hiyo, joto la Juni likiwa limewafungia watu wote majumbani, Nigar alisikia tindo. Ti. Ti. Ti. Sauti ilitoka ndani ya ukuta wa chumba cha mama mkwe wake, Bi Qamar, na pamoja nayo harufu ya chokaa mbichi iliyochanganyika na kafuri.

"Mwanangu," Bi Qamar aliuliza kwa sauti yake ndogo, "nani anachonga?"

"Mafundi wa jirani, Mama."

Jirani hakuwa na mafundi. Kesho yake Nigar alichekecha unga wa chapati, vidole vikakwaruzwa. Ulikuwa vumbi la marumaru, jeupe, baridi kama lililotoka kisimani.

"Panya hao," alisema Tauqir.

"Panya wanasaga marumaru? Mwanamume mzima, sikiliza unachosema!"

Siku iliyofuata walikuwa mezani, jua limesimama utosini, Tauqir akimsomea mama yake ratiba ya wageni kwa majivuno, Bi Qamar akitikisa kichwa kwa upole kama kawaida yake, mara kile kichwa kikasimama, mgongo wake uliopinda miaka mingi ukanyooka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa mlio ambao Nigar aliusikia wazi, chokaa ikanuka hadi macho yakawasha, na kutoka kinywani mwa bikizee yule ambaye hakuwahi hata kumkaripia paka ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu, yenye adabu ya watu wa kasri na dharau isiyo na kikomo.

"Asubuhi Taj, adhuhuri ngome, alasiri Sikri. Unawaswaga watu kama mbuzi wa mnada, halafu unajiita mwenyeji. Wewe? Inzi wa jikoni?"

Tauqir akadondosha kijiko.

"Umemkalia bibi yangu ninayemtumikia. Umemdondoshea mafuta ya biriani. Mimi ndiye niliyewekwa mlangoni pake. Sasa nimehamia mlangoni pako."

Bi Qamar akaanguka, na kuanzia hapo hakula wala hakufumbua macho. Tauqir alisema ni joto. Nigar alijifunga dupata, mtandio wake, akaenda kumwita Maulana Sibtain, shehe wa mtaa, ambaye alikuja baada ya sala ya alasiri, akakaa na mgonjwa, akatoka amelowa jasho.

"Huyu si wa kufukuzwa kwa maji ya kusomea," alinong'ona. "Ni mlinzi, na ametukanwa. Mumeo aende miguu mitupu, akaoshe kaburi, afunge nyuzi upya, aombe radhi. Na wageni wasipelekwe pale. Akikubali, mlinzi atamwachia mama."

"Nimekubali," alisema Tauqir haraka, akiwa amesimama mlangoni.

Ukutani tindo likanyamaza. Bi Qamar akafumbua macho, akaomba maji.

Maulana alipoondoka, Tauqir alicheka hadi akakohoa. "Umeona? Neno moja tu, yamekwisha! Jini lenyewe mjinga kama mganga wake. Wageni watakula palepale."

Nigar alimtazama mama mkwe wake akinywa maji, kisha akapanda juu ya paa, akampigia Bwana Khemka simu. Alimwambia nyumbani kuna ugonjwa wa kuambukiza. Khemka hakuuliza mara mbili. Akaupeleka ukoo wake Jaipur.

Tauqir alipopata habari alifura kwa hasira. "Mwanamke mshenzi! Basi nakwenda kula peke yangu, uone kama kuna wa kunigusa!" Akabeba chakula, akaondoka.

Alirudi jua likizama. Alivua viatu nje, akanawa miguu, akaingia bila kelele, akainama kuushika mkono wa mama yake. Bi Qamar aliuchomoa upesi, akajifunika shali usoni, midomo ikaanza kusoma aya.

"Umechoka, Begum," akamgeukia Nigar, akimwita kama bibi wa kasri. "Kaa. Nikumiminie chai."

Katika ndoa yao yote Tauqir hakuwahi kummiminia mtu chai.

Simu ya Nigar ikaita. Kiooni liliandikwa jina la mumewe.

"Nigar!" Ilikuwa sauti ya Tauqir, yenye mwangwi, ikihema. "Nigar, mlango umekuwa ukuta! Kuna giza, siwezi kuinuka, niitie Maulana, niitie watu, nakuomba, mke wangu, nakuomba..."

Nigar aliibana simu sikioni. Mbele yake yule mtu aliendelea kumimina chai polepole, bila kumwaga hata tone, bila kuinua macho, naye Nigar akasikia aya za Bi Qamar chini ya shali, akasikia kilio cha mwanamume aliyemtusi kila siku aliyomfahamu, ambaye leo kwa mara ya kwanza alikuwa anamwomba.

"Nani huyo, Begum?"

"Amekosea namba," alisema Nigar. Akaizima simu, akapokea kikombe.