Nyuki, Sufuria na Mama Mukwe

Alama ya kumi na tisa ilikuwa juu mtini, mita sita kutoka ardhini. Rangi ilikuwa ya Chadrack, hilo halina ubishi: buluu ya mitumbwi, ile ile aliyoichanganya kwa mkono wake. Lakini siku alipopaka alama zake msituni, Chadrack hakuwa amebeba ngazi.

Alisimama akaikodolea macho. Nyuma yake, kutoka upande wa Kongo, wingu jeusi lilikuwa limeshavuka ziwa na sasa lilikuwa linapanda mlima kumfuata.

"Kaka Chadrack," Rodwell akauliza, "ulipanda yulu hivi na kopo ya rangi?"

"Miti inakua."

"Mita sita ndani ya miezi mine?"

"Ya huku inakua mbio. Udongo ni muzuri."

Hatua kumi nyuma yao, Mama Olipa akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua.

Mama Olipa alikuwa mama mkwe wake Chadrack, na kwa desturi ya huko mtu na mama mkwe wake ni kama moto na petroli: kila mmoja ana kazi yake nzuri, ila wasikaribiane. Hawashikani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, hawaitani majina, mpaka upande wa mke umpikie mkwe chakula cha heshima na kumfungulia mlango. Mama Olipa alikuwa na mwaka wa sita akisema anatafuta kuku wa kufaa kwa kazi hiyo. Chadrack mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Pweto, mpaka rangi wa mitumbwi pale ufukweni Nchelenge, na aliijua kazi yake. Ila kwa Mama Olipa, kuku alikuwa hajapatikana.

Ndiyo maana Rodwell, mpwa wa Mama Olipa, alitembea katikati. Neno likitoka mbele kwenda nyuma lilipita kwake, na likitoka nyuma kwenda mbele lilipita kwake pia, likiwa limeongezwa chumvi.

Safari yenyewe ilikuwa fahari ya Chadrack. Alikuwa amefungua mzunguko wa saa nne kwa miguu: unapanda na kijito cha kwanza, unapumzika kwenye jiwe la kutazamia ziwa, unavuka kijito cha pili, unafika kwenye maporomoko ya maji, unateremka hadi barabarani. Mama Olipa, kiongozi wa wamama wa maombi, alitaka kuwaleta wamama thelathini kuomba pale penye maporomoko. Lakini mtu mwenye akili hapeleki wamama thelathini kwenye njia ya mkwe bila kuionja kwanza. Asubuhi hiyo, wakati wa kuagana, Kunda, binti wa Mama Olipa, alimshika mume wake Chadrack kola ya shati.

"Mama yangu umurudishe vile ninakupatia. Akipunguka hata ukucha, we baki huko huko na nyani."

Na mambo yalikuwa yameanza vizuri. Kijito cha kwanza kilifika kifundoni tu. Kwenye jiwe la kutazamia, ziwa lilitandazwa chini kama bati jipya, na Mama Olipa aliweka chini sufuria yake ya kupikia, akatazama muda mrefu, akasema, "Rodwell, ambia huyo mutu, kwa jiwe hii hana kosa." Chadrack alitembea kilomita nzima bila kugusa ardhi.

Sasa ilikuwa saa nane, maporomoko hayaonekani wala hayasikiki, na alama zimepanda miti.

"Ile si muti wako," Rodwell akashikilia. "Ona, rangi iko inaninginia."

Akaokota jiwe, akalitupa. Jiwe likalia *bum*, kama limepiga ngoma. Mti mzima haulii hivyo.

Katika mlio ule Chadrack akaelewa kila kitu, lakini akaelewa amechelewa. Alipokuwa anapaka alama alichagua miti iliyonyooka, yenye gome laini, kwa sababu rangi inakaa vizuri. Watu wa asali nao huchagua miti hiyo hiyo. Huivua gome zima kama shati, hulishona likawa mzinga, kisha huutundika juu ya mti mwingine, mbali, ambako nyuki hawasumbuliwi. Alama zake zilikuwa zimehama njia mabegani mwa watu. Tangu alama ya kumi na mbili alikuwa anamwongoza mama mkwe wake kutoka mzinga hadi mzinga.

Nyuki walitoka. Wa kwanza alimpiga Rodwell kwenye sikio, na wengine laki moja wakaja kuuliza kama amesikia. Rodwell alikimbia. Wanaosema duma ana mbio hawakumwona Rodwell siku ile. Suruali yake ilibaki nyuma kidogo, ikamfuata baadaye. Alipotea na simu mfukoni, na sauti yake ikaendelea kuteremka mlima bila yeye.

"Rodwell! Ambia mama akimbie!" Chadrack alipiga kelele.

Mama hakusubiri mkalimani. Alijifunika kichwa kwa sufuria, akateremka bondeni akivunja vichaka, na Chadrack nyuma yake akipunga koti. Mguu wa mama ukaingia kati ya mizizi miwili. Kilisikika kitu kama kijiti kikavu kikivunjika. Akaanguka. Nyuki wakamjia usoni na shingoni, na Chadrack akatupa koti juu yake kwa mbali, kwa heshima, kama mtu anayetupa wavu. Kisha wingu likapasuka, mvua ikashuka kwa ndoo, na nyuki wakarudi kwao.

Mvua ya siku ile haikuwa ya kawaida. Kambale alipita njiani karibu na goti la Chadrack, akipanda mlima.

Walikuwa katika kibonde, kando ya kijito kilichogawanyika mikono miwili, na njia ya kuteremka ilikuwa ng'ambo. Mama Olipa alikaa ameegemea mti, kifundo kimekwenda upande usio wake, jicho moja limeshaanza kufumba. Chadrack alikaa mbali, akiangalia pembeni. Kati yao palikuwa na sufuria.

Hawakuwa na mtu wa kupitisha neno. Walikaa hivyo, mvua ikiwapiga, mpaka mama akaona njia.

"We sufuria," akasema, "uliza ule mutu: tuko wapi?"

Chadrack akainama kwa sufuria. "Sufuria, ambia mama: hii ni kijito ya pili, sehemu ya yulu. Mayi yote ya huku inaendaka ku ziwa Mweru. Tukiifuata, tunafika ku maporomoko, na chini ya maporomoko kuko barabara."

"Sufuria, uliza: yeye njo alisema miti inakua?"

Chadrack akaruka swali hilo. "Sufuria, ambia mama, miiba ya nyuki itoke sasa. Asiivute na kidole. Akwangue na kisu."

Akaweka kisu chini, akakisukuma kwa fimbo ndefu. Mama akakwangua shingo, akakwangua shavu, akihesabu kwa Kibemba na kuacha kuhesabu alipofika arobaini. Chadrack akachuna gome, akapasua kamba, akazisukuma pamoja na vijiti viwili vilivyonyooka. Kwa maelekezo yaliyopitia sufuriani, mama akajifunga kifundo mwenyewe, meno yameuma ncha ya chitenge alichojifunga kiunoni. Hakulia. Alipomaliza alikuwa na jasho ndani ya mvua.

"Sufuria," akasema, na safari hii sauti ilipiga mluzi kidogo, "ambia ule mutu koo yangu iko inakuwa ndogo."

Hapo ndipo Chadrack alipomtazama usoni, desturi au si desturi. Midomo ilikuwa imevimba. Na chini, maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya mti wa mama. Mikono miwili ya kijito ilikuwa inaungana.

"Sufuria, ambia mama, nitamubeba."

"Sufuria, ambia yeye, mimi njo nilizaa muke yake. Mugongo yake nitaipandaje? Nitaangalia bantu na macho gani?"

"Sufuria, ambia mama..."

Maji yakainyanyua sufuria. Ikazunguka mara moja, taratibu, kama mgeni anayeaga kila mtu, ikaingia katika mkondo, ikaenda. Wote wawili waliitazama hadi ilipopinda kona.

"Mayo!" akasema Mama Olipa. Kisha akamtazama mkwe wake, jicho moja kwa mawili. "Basi inama, we mutu wa rangi. Unangojea sahani nayo ipite?"

Alimfunga mgongoni kwa chitenge, fundo kifuani, kama mtoto anavyobebwa. Mama Olipa hakuwa mtoto. Katika mkono wa kwanza wa kijito maji yalimfika Chadrack kiunoni, katika wa pili kifuani, na chini mawe yalikuwa yanabingirika kama viazi katika gunia. Alipima kila hatua kwa fimbo kabla ya kuipa uzito. Mama alikuwa amemshika masikio yote mawili, na kila alipotaka waende upande fulani alivuta la upande huo.

"Kuume! Kuume, nimesema! Mwe, huyu alifundishwa wapi?"

"Mama, usiningoe sikio."

"Uko na mawili."

Wakatoka ng'ambo. Chadrack akafuata sauti ya maji, ukingoni, juu kidogo ya mkondo, akishika mashina. Alikuwa hana wasiwasi tena na njia. Maji yalikuwa yanamwongoza, na vijito vya huku havijawahi kusahau Mweru iko wapi. Alichohofia kilikuwa mgongoni. Mluzi katika pumzi ya mama ulikuwa unakuwa mwembamba, na mikono masikioni ilikuwa inalegea. Halafu akanyamaza.

Mama Olipa kunyamaza!

"Mama," akasema kwa sauti, "miaka sita. Ile kuku unatafuta, iko inazaliwa wapi?"

Kimya.

"Ao hujuwi kupika? Ku Pweto bananiambia, wamama ya Nchelenge wanachomaka hata mayi ya ugali."

Sikio la kushoto likavutwa kwa nguvu mpya. "Nani... alisema?"

"Bantu bote."

"Bukari yangu..." pumzi, "...inasimama yenyewe. We mutoto ya mbwa."

"Na muboga? Nilisikia iko na mchanga."

Basi walikwenda hivyo. Kila mluzi ulipofifia, Chadrack alitukana chungu kingine cha mama mkwe wake: samaki wake, maharage yake, chai yake, jiko la bibi yake aliyelala kaburini. Na kila mara mama alivuta hewa ili ajibu. Hakuna mkwe aliyetukana hivyo kwa upendo.

Maporomoko yakasikika kabla ya kuonekana, kisha ardhi ikakatika mbele ya miguu. Maji mekundu yalirukia chini na kulipuka moshi. Pembeni palikuwa na mawe kama ngazi iliyojengwa na mlevi, na juu ya jiwe la kwanza, nukta ya buluu. Chadrack alicheka kwa sauti. Huku hapakuwa na miti ya kupaka. Alama alizipaka kwenye mawe, na jiwe halivuliwi gome.

Aligeuka, akashuka kinyumenyume kama anashuka mtumbwini, tumbo kwenye mwamba. Nukta ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne mguu ukateleza, goti likapasuka, na wote wawili wakaning'inia kwenye vidole vinane vya mpaka rangi. Mama hakupiga kelele. Aliunyoosha mguu wake mzima, akatafuta ufa, akaukanyaga, akamsukuma juu.

"Panda, mutu wa Pweto," akanong'ona. "Sijamaliza na we."

Mguu wa Chadrack ukapata jiwe. Nukta ya tano. Ya sita. Chini mvuke uliwaosha damu na matope, na baada ya maporomoko mvua ikawa manyunyu, jua likajitokeza juu ya ziwa, limeshashuka, jekundu. Barabara ilikuwa mbele. Sauti za watu zilikuwa zinakuja: Rodwell alikuwa amekusanya nusu ya mji.

Kabla ya kona ya mwisho mama alimpiga begani.

"Nishushe."

"Mama, mguu..."

"Nishushe, nasema. Nipatie ile fimbo. We kaa nyuma, hatua kumi."

Akatokea barabarani akirukaruka kwa mguu mmoja, kichwa juu, uso umevimba kama boga. Wamama wa maombi walipiga vigelegele na vilio pamoja. Kunda alimkumbatia mama yake, kisha akamtazama mumewe juu ya bega la mama. Rodwell, midomo kama maandazi, alikuwa ameleta pikipiki ya kumpeleka mama kliniki, na wanaume wawili wakamnyanyua wakamkalisha.

"Lakini mama," mmoja wa wamama akauliza, "na mguu hii, ulishukaje ku maporomoko? Nani alikubeba?"

Macho ya watu yakaenda kwa Chadrack, kwa goti lake lililopasuka, kwa alama ya fundo la chitenge kifuani mwake. Chadrack akaanza kutazama nzi.

Mama Olipa akavuta pumzi yenye mluzi.

"Kunibeba?" akasema. "Nani? Mimi njo nilimubeba yeye! Nyuki zilimupiga kidogo, akalia kama katoto, mama, mama. Nikamufunga mugongoni na chitenge, nikavuka naye mayi yote mawili. Nikamushusha ku mawe. Mguu yangu ilivunjika sababu ya uzito yake."

Mama akageuka kwenye kiti cha pikipiki, akamtazama mkwe wake moja kwa moja, mbele ya mji.

"Si vile, Chadrack?"

Miaka sita, na jina hilo lilikuwa halijapita katika kinywa kile. Chadrack alipangusa pua, akarekebisha kola.

"Njo vile, mama. Ila pale ku jiwe ya ine, kidogo ungeniangusha."

"Ulikuwa unasema sana," akajibu Mama Olipa, akampiga dereva begani, pikipiki ikaondoka.